Kikuba na Kibanio

Msusi wa Binza, mkoani Simiyu, akitaka kubuni kibanio cha nywele chenye mapambo ya kubadilishwa, asidhani kwamba anaanza patupu. Wanawake wa Unguja wanalo pambo la namna hiyo tangu zamani, nalo ni kikuba: asumini, mrehani, mkadi na pengine waridi, vikafungwa pamoja kwa uzi na kubanwa kwa pini penye nywele au nguo. Asubuhi maua yamenyauka, hutupwa. Pini hubaki ikingojea mengine.

Hapo pana fundisho. Kibanio cha plastiki kinachouzwa gulioni hugundishwa ua lake moja kwa moja. Ua likibanduka, kibanio kizima ni taka, na mwenyewe tangu mwanzo hakuulizwa alipendalo. Katika kikuba kila kitu kina kazi yake: pini hushika, uzi hufunga, na mvaaji ndiye aamuaye.

Binza si lazima iazime asumini. Shanga, zilizopelekwa bara na misafara ya pwani katika karne ya 19, zimekwisha kuwa za Wasukuma wenyewe, na pamba ni zao la mashamba ya Simiyu. Pini imara yenye kipete kidogo, shanga zilizotungwa kwenye uzi wa pamba, na fundo lifunguke kwa vidole: yatosha. Rangi za harusi, za ngoma na za siku ya kawaida aachiwe mwenye nywele. Fundi akiyamaliza yote, huwa amemnyima mvaaji sehemu yake.