Majini Wanaosema Kiswahili



Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, Jjajja alitoka chumbani kwake akauliza nani wanagombana sebuleni. Hapakuwa na ugomvi. Vijana wetu wawili, wanafunzi wa chuo, walikuwa wakicheza Resident Evil 5 kwenye kompyuta. Kelele alizozisikia zilikuwa za wanakijiji walioingiwa na vimelea wakageuka wauaji, na wauaji hao wanasema Kiswahili.

Mchezo huo ulitolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka 2009. Kisa chake kipo Kijuju, mahali pa kubuni barani Afrika, na walioambukizwa wanaitwa Majini. Trela ya mwaka 2007 ilizusha malalamiko mengi kwa jinsi ilivyowaonyesha Waafrika.

Jjajja akakaa, akatazama kidogo, akasema: "Zamani hapa Kampala Kiswahili tulikisikia kwa askari kwenye vizuizi, na usiku kwa wezi wenye bunduki. Leo wajukuu wangu wanakisikia kwa mashetani. Watakipenda lini?"

Maneno hayo yalituchoma, kwa kuwa mmoja wetu ni mzaliwa wa Tanga na Kiswahili ndiyo lugha aliyolelewa nayo. Tukaamua mchezo ufutwe. Kijana mkubwa akatuomba: "Baba, Mama, tusiufute. Tuurekebishe."

Akatueleza kuwa michezo ya zamani huishi kwa mikono ya wanaoipenda. Toleo la kompyuta la mchezo huu halikuwa na njia ya watu wawili kucheza kwenye skrini moja. Wachezaji wakajitengenezea wenyewe, na kampuni ikaja kuiongeza mwaka 2023. Yeye alitaka kubadili maandishi yanayotokea chini ya picha, ili na wale wanaookoa watu waseme Kiswahili.

Tukakubali kwa masharti. Nakala iwe ile tuliyoinunua kwa halali, na mchezo wenyewe wasimgawie mtu. Wadogo zao wasikae mbele yake, maana ni mchezo wa watu wazima. Adhana ikisikika, kompyuta izimwe.

Jaribio la kwanza liliharibika. Walifungua faili za mchezo, zile zenye mwisho wa .arc, wakaandika juu yake bila kuweka nakala ya akiba, na kazi ya wiki mbili ikapotea. Tukawakumbusha yaliyotokea hapa hapa Kampala, mtaa wa Wakaliga. Filamu ya "Who Killed Captain Alex?" ya mwaka 2010 ilifutwa kwenye kompyuta ili kupata nafasi ya kazi nyingine, na iliyobaki ni nakala ya DVD tu. Sasa kila jioni wanaweka nakala mbili.

Faida hatukuitarajia. Vijana waliokuwa wakijibu kwa Kiingereza kila wanaposemeshwa Kiswahili, walianza kuja jikoni kuuliza: "Mama, mtu akiwa hatarini anasema 'nisaidie' au 'niokoe'?" Binti yetu mdogo naye aliuliza kama majini wote ni waovu. Tukafungua Suratul Jinn, sura ya 72, tukasoma pamoja habari za majini walioisikiliza Qur'ani wakaamini. Akacheka alipojua kuwa "majini" ni pia mahali samaki wanapoishi.

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini mwalimu atamkuta mtoto tayari ana picha ya lugha hiyo moyoni, na picha hiyo huanzia nyumbani.

Kazi haijaisha. Sauti za Majini zimebaki vile vile, na Jjajja bado hapendi bunduki. Ila juzi alimwambia mjukuu wake, kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Karibu chai." Hatukuwahi kumsikia akikitumia kwa hiari yake.

Wazazi wenzetu, kabla ya kufuta, tukae kwanza na watoto wetu tusikilize wanachosikiliza. Tunamuomba Allah (S.W.) atuhifadhie ndimi zetu na vizazi vyetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.