Kumfuata Mgonjwa Hadi Nyumbani Kwake



Wengi wetu tumezoea kuhesabu ugonjwa tangu siku mgonjwa anapofika zahanati. Lakini sisi tunaowatembelea wagonjwa majumbani tunajua kwamba siku hiyo ugonjwa huwa umekwisha kuanza zamani. Umeanzia katika chumba kimoja wanamolala watu saba, katika kisima kisichofunikwa, katika moshi wa kuni anaouvuta mama tangu usichana wake, na katika kipato kisichofikisha mwisho wa mwezi. Juma hili tunapenda tutafakari pamoja juu ya jambo hilo, na juu ya watu wanaoliona kwa karibu sana, yaani wauguzi.

Mwaka 2008 tume ya Shirika la Afya Duniani iliyoongozwa na Mwingereza Michael Marmot ilitoa taarifa yake. Ilieleza kuwa hali ambamo watu huzaliwa, hukua, huishi, hufanya kazi na kuzeeka ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya tofauti za afya baina ya matajiri na maskini. Ikaongeza kwamba tofauti zinazoweza kuepukika, nazo zikaachwa, ni dhuluma. Neno hilo ni zito. Ikiwa ni dhuluma, hatuwezi tena kumwambia maskini kuwa ni majaliwa yake, wala kumshutumu kwa uzembe, kisha tukaenda zetu.

Wapo walioling'amua hilo mapema. Mwaka 1893, katika mitaa ya wahamiaji maskini ya Lower East Side jijini New York, muuguzi kijana aitwaye Lillian Wald alikuwa akiwafundisha kina mama namna ya kuuguza nyumbani. Siku moja mtoto wa kike akamjia akimwombea msaada mama yake aliyekuwa ametoka kujifungua. Wald akamfuata hadi katika vyumba viwili walimobanana jamaa wote, akamkuta mama yule akivuja damu kitandani. Baada ya hapo aliamua, pamoja na mwenzake Mary Brewster, kuhamia na kuishi katika mitaa ile ile.

Shuleni nako palikuwa na tatizo. Madaktari wa jiji walikuwa wakiwakagua watoto na kuwarudisha nyumbani wenye trakoma, mapunye, upele na chawa. Amri ilionekana njema, kwani ililinda wengine. Lakini nyumbani hapakuwa na fedha ya tiba wala mtu wa kuwaelekeza wazazi, hivyo mtoto alizurura mitaani na ugonjwa wake, akakosa na masomo. Oktoba 1902 Wald alimtoa muuguzi Lina Rogers ahudumie shule nne kwa majaribio. Rogers aliwatibu watoto maradhi madogo pale pale shuleni, kisha akawafuata wazazi majumbani kuwaonyesha la kufanya. Jiji likaajiri wauguzi wengine. Watoto waliorudishwa nyumbani kwa ugonjwa, waliokuwa zaidi ya 10,000 Septemba 1902, walipungua hadi kama 1,100 Septemba 1903. Hapakuwa na dawa mpya. Kilichobadilika ni kwamba mtu alimfuata mgonjwa badala ya kumfukuza tu.

Nasi hapa kwetu tunayo ya kufanana na hayo. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure, na kwa kawaida humezwa kwa miezi sita. Lakini nauli ya kuzifuata si bure, wala chakula cha kumezea si bure, wala siku ya kibarua iliyopotea hairudishwi na mtu. Mgonjwa akiacha dozi, daftari huandika kuwa ametoroka. Muuguzi anayemwuliza kwa upole, "Ulikuja kwa njia gani, na umekula nini?" ndiye anayeijua sababu yenyewe.

Tumkumbuke Msamaria mwema. Mara nyingi tunamsifu kwa huruma yake, tukasahau kazi aliyoifanya: alifunga majeraha, akatoa usafiri wake, akatafuta mahali pa kulala, akalipa gharama, tena akaahidi kulipa zitakazozidi. Alijua kwamba kidonda hakiponi peke yake iwapo mwenye kidonda ameachwa njiani.

Nanyi ndugu zetu wauguzi, tunajua mwachoka, mko wachache, na foleni ni ndefu. Hata hivyo, mama anayekaripiwa mbele ya wenzake kwa kuchelewa kliniki, au kwa khanga iliyochakaa, pengine hatarudi tena. Neno moja la heshima humfungulia mlango ambao umaskini ulikuwa umemfungia.

Lakini tusiwatwishe wauguzi mzigo wote. Muuguzi hachimbi kisima, hapandishi ujira, hajengi daraja la kwenda zahanati. Hayo ni ya serikali ya kijiji, ya halmashauri, na yetu sisi sote. Basi tunaziomba jumuiya ndogo ndogo zimwalike muuguzi wa zahanati iliyo jirani, zimwulize swali moja: ni jambo gani linalowarudisha kwako watu wale wale, kwa ugonjwa ule ule? Akijibu kuwa ni maji, tuanze na maji. Akijibu kuwa ni nauli, tuanze na nauli.