Karatasi Moja, Mikono Mingi

Sisi walimu wa Goma twajua maana ya kutawanyika. Mwaka 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa Korona. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilitema moto, na siku tano baadaye watu wa mitaa mingi wakaamriwa kuhama. Januari 2025 vita vikaingia mjini, na shule zikafungwa tena.

Kwa hiyo tumejaribu kutayarisha masomo pamoja kwa intaneti. Programu ya Google Docs ni kama karatasi moja iliyotandikwa mbele ya watu wengi. Mmoja aandika swali la hesabu akiwa Himbi, mwenzake alisahihisha papo hapo akiwa Ndosho. Mtu akifuta kwa bahati mbaya, maandishi ya kwanza yaweza kurudishwa.

Lakini tuangalie sana. Si kila nyumba ina simu, na mzazi hawezi kuacha kununua unga ili anunue intaneti. Basi tumepatana hivi: karatasi hiyo ni ya walimu. Mtoto atapata zoezi lile lile ubaoni, aliandike katika daftari lake. Asiye na simu asiachwe nyuma.

Yule mtoto wa Injili alikuwa na mikate mitano na samaki wawili tu. Mikononi mwa Bwana wetu Yesu Kristu, maelfu walishiba. Nasi walimu, mwenye zoezi moja zuri asilifiche. Alitoe, watoto wa wengine nao wale.