Rangi Inapokomea

Kanisani kwetu Kikula nimewasikia watu wakishuhudia walivyoacha pombe, wengine walivyotoka kwenye madeni. Ushuhuda wangu ni wa nailoni. Sijasimama kule mbele kuutoa, watu wangecheka.

Mimi hupaka magari rangi hapa Likasi. Wakati tunafundishwa kazi, heshima yote ilikuwa ya mkono ulioshika bunduki ya rangi. Kuziba vioo, taa na mipira ya milango aliachiwa mtoto wa garaji. Alipewa magazeti ya zamani kutoka Lubumbashi, na yakikosekana alichana mifuko ya saruji akaibandika kwa skochi. Gazeti lina ila yake: thina hupenya, na wino huhamia kwenye rangi ya zamani. Mfuko wa saruji, hata ukiukung'uta vipi, hutema vumbi mara upepo wa kompresa unapoupiga. Na vumbi, kuanzia Mei hadi Septemba, hatulikosi. Malori ya madini hayalali kwenye barabara ya Kolwezi, na mitambo ya Shituru, inayosafisha shaba tangu 1929, imo humuhumu mjini.

Basi ikaletwa pikapu mpya ya kampuni, imekwaruzwa ubavu njiani kabla haijaanza kazi. Boneti na paa bado vilikuwa vimevaa plastiki nyeupe ya kiwandani. Nilishaziona nyingi nikazichukulia kuwa pambo la muuzaji tu. Safari hii nilitakiwa kuibandua mwenyewe ili nilinganishe rangi. Ubavu ulikuwa umebeba safari yote kutoka bandarini hadi Kasumbalesa na kutoka Kasumbalesa hadi kwetu: lami, wadudu, vikwaruzo vya changarawe. Boneti ilikuwa safi kama maji ya kisima, na plastiki ilitoka bila kuacha hata tone la gundi.

Nikaanza kuuliza. Kumbe zamani viwanda vingi vilikuwa vikipaka nta juu ya gari jipya, na likifika lilioshwa kwa maji ya moto na dawa, uchafu wote ukaingia mferejini. Kuanzia miaka ya 1990 plastiki ikazidi kushika nafasi ya nta. Ni nyembamba na gundi yake ni dhaifu kwa makusudi, nayo huwekwa dawa ya kustahimili jua. Hufunika hasa sehemu zinazotazama juu, kwa kuwa ndiko kunakoangukia vinyesi vya ndege, masizi ya viwanda na chembe za chuma za reli. Hata ndani ya kiwanda, vipande vinavyong'aa huvalishwa kabla ya kupita mikononi mwa wafanyakazi, na zulia na vizingiti vya milango hufunikwa vilevile.

Kilichonibadilisha ni kule kuona kwamba watu wenye mashine zote hizo wanaona kufunika ni kazi kamili. Sasa garajini kwangu tunaziba kwa nailoni ya wapaka rangi, inayouzwa kwa roli. Nailoni ya sokoni haifai, na hapa ndipo wengi hupotea. Rangi haishiki kwenye plastiki ya kawaida. Ikikauka hubanduka vipandevipande na kuangukia vanishi ambayo bado mbichi. Ile ya kazi hii upande wake mmoja umepitishwa umeme kiwandani ili ukungu wa rangi uushike usianguke. Upande huo ndio utazame nje. Ukiugeuza ndani, umerudi kulekule sokoni.

Siku hizi muda mwingi huenda kwenye kuziba, na kunyunyiza huwa kwa dakika chache tu mwishoni. Wateja hunung'unika: "Yaya, mbona gari linashinda limefunikwa tu?" Mimi huwapeleka kwenye ukingo wa kioo, pale rangi inapokomea. Fundi mbaya wa rangi huonekana hapo kwanza, wala si katikati ya mlango.

Tunachobishana zaidi ni plastiki ya viti na dashibodi. Hapa kwetu mtu huiacha miaka ili watu wajue gari lilinunuliwa jipya. Ya nje nayo wapo wanaoiacha, nayo ikipigwa na jua la Oktoba gundi hukauka, plastiki hukatika kama ganda la yai, na mimi ndiye ninayelipwa kuikwangua. Simlaumu anayetaka kuonekana, lakini kazi ya plastiki iliisha siku gari lilipofika.

Mabaki ya nailoni yangu ya kuzibia sijayapatia njia. Serikali ilitoa amri mwishoni mwa 2017 kupiga marufuku mifuko na vifungashio vya plastiki, na mitaro ya mji bado imeziba. Nailoni yenye rangi na thina huwezi kumpa mama afungie nyanya, na kuichoma uani moshi wake unaingia kwa majirani. Kwa hiyo naikanyagia kwenye pipa nyuma ya kompresa. Pipa limeshajaa, la pili limeanza, na bado sijampata wa kulichukua.