Bustani ya Forodhani Wakati wa Mchana

Wasomaji wetu walio wengi, hata wale wasiopata kukanyaga Unguja, wamekwisha kusikia habari za Forodhani. Vitabu vya wageni vyaisifu, magazeti yaisifu, na kila arudiye kutoka huko huja na sifa zile zile: pweza, mishikaki, urojo, maji ya miwa, taa za usiku na upepo wa bahari. Sisi hatuna ugomvi na pweza. Lakini tulipozisoma sifa hizo moja baada ya moja, tuliona ajabu: hapana hata moja iliyotaja mti. Bustani yasifiwa kwa jiko lake! Basi tulipojaaliwa safari ya kwenda kuwaona jamaa zetu Unguja, tuliazimia kufika Forodhani saa nne ya asubuhi, wakati ambapo hapana moshi wa kuficha kitu, tukaitazame kama bustani.

Mahali hapa pako ufukweni, mbele ya Ngome Kongwe na Beit el Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Bustani yenyewe ilitengenezwa mwaka 1936 kwa ukumbusho wa Jubilii ya Sultan Khalifa bin Haroub, ikapewa jina la Jubilii hiyo. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ikaitwa Bustani ya Jamhuri. Na watu wa mji, kwa majina yote hayo, wakaendelea kusema Forodhani. Miaka ikapita, ikachakaa, na ukuta wa bahari ukaliwa na mawimbi, mpaka Aga Khan Trust for Culture ilipoitengeneza upya. Ikafunguliwa tena mwaka 2009.

Tutangulize mema, maana ndiyo haki. Ukuta wa bahari ni madhubuti, na watoto wa mji wajirusha majini kutoka juu yake kwa kelele na furaha ambayo hapana fundi awezaye kuichora katika ramani yake. Njia zapitika, mabaraza ya kukalia yapo, na miti mikubwa imesalia, nayo ndiyo roho ya mahali. Tulikaa chini ya mkungu ambao majani yake yalikuwa yageuka mekundu kabla ya kuanguka, tukawatazama watoto wawili wakigonga kungu kwa jiwe ili wapate kiini chake. Nusu saa ile ilitutosha kuwa ni zawadi ya safari.

Ama yasiyopendeza ni haya. Mawe yaliyosakafiwa ni mengi kuliko kivuli. Ikifika adhuhuri yawaka, na mtu hupita mbio badala ya kutembea. Pale zinapowekwa meza za usiku karibu na majani, udongo umekanyagwa ukawa mgumu kama sakafu, nao mti haunywi maji kupitia sakafu. Tena tulitafuta kibao cha kumwambia mtoto jina la mti anaoucheza chini yake, tusikione.

Tulipokuwa tukiyaandika hayo, mzee mmoja aliyeketi karibu nasi alituuliza, "Maalim, unaandika nini?" Tukamsomea. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mgeni haaibu chakula cha mwenyeji. Na mwanangu ana meza hapa. Ndiyo inayosomesha wajukuu zangu. Ukiandika kuwa meza zaharibu bustani, atakayesoma ataziondoa meza, wala hataupanda mti."

Maneno hayo yalituingia. Ni kweli kuwa Mtume wetu (S.A.W.) hakuwa akikiaibu chakula, akikipenda alikila, asipokipenda alikiacha. Lakini Forodhani si sahani ya mtu mmoja, ni mali ya wote, na mwenye mali ana haki ya kuambiwa hali ya mali yake. Tulimjibu, "Mzee wangu, hatusemi meza ziondoke. Twasema zikae juu ya mawe, zisikae juu ya mizizi." Mzee akasema, "Basi andika hivyo hivyo, usipunguze." Nasi hatukupunguza. Mti ukifa mahali panaposifiwa kila siku, nani atajua kuwa umekufa, ikiwa katika sifa zote hizo haukutajwa kuwa ulikuwapo?

Kuna waliotuonyesha njia ya kuandika kwa uangalifu. Bibi Salme binti Said, katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1886, aliueleza ua wa Mtoni kwa vitu vyake: tausi, paa, bata na michungwa kando ya nyumba za kuogea. Na mwaka 1949 R. O. Williams alitoa kitabu juu ya mimea ya manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba, akaitaja na majina yake ya Kiswahili. Ni kazi ya subira kubwa. Aibu yake ni moja tu: kimeandikwa kwa Kiingereza, hata mama aliyepanda mkilua uani pake hawezi kukisoma akajua kimesema nini juu ya miti yake. Angetokea mwalimu wa mimea akaandika kitabu cha namna hiyo kwa Kiswahili, sisi tungekuwa wa kwanza kukinunua, na wa kwanza kusema kilipokosea.

Atakaye kwenda na watoto asiende adhuhuri. Aende baada ya sala ya alasiri, kabla meza hazijapangwa. Wakati huo jua li upande wa bahari, na vivuli vya miti vimelala kuelekea Ngome. Huko ndiko akae. Achukue maji yake ya kunywa, na awaonyeshe watoto mkungu.