Ushirombo: Setilaiti Juu, Bikoni Chini

Msafiri atokaye Kahama kuelekea mipaka ya Rwanda na Burundi hupita Ushirombo mara nyingi bila ya kushuka garini. Mji umelala kando ya barabara kuu, na barabara hiyo imeuzoeza kupokea watu na kuwaaga: malori marefu yenye shehena za nchi jirani, mabasi yanayosimama kwa dakika chache, pikipiki zilizobeba magunia na abiria kwa pamoja. Ni makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, ambayo hadi mwaka 2012 ilihesabiwa kuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Ulipoundwa Mkoa wa Geita, Ushirombo ukawa wa Geita. Mji mzima ulihama mkoa bila ya nyumba hata moja kusogea.

Hii ni nchi ya Wasumbwa, ingawa leo utasikia Kisukuma na Kiha sokoni kwa wingi, pamoja na Kiswahili cha watu waliokuja kutoka kila upande kwa sababu ya dhahabu. Dhahabu ndiyo inayopanga maisha ya wengi hapa. Anayelima analima akisikiliza habari za maduara mapya, na anayeuza duka hukopesha kwa ahadi ya mawe ambayo bado hayajafika kwenye karasha.

Nilifika huko wakati wa likizo ya shule, nikiwa na mpwa wangu wa miaka kumi na minne. Ndani ya begi lake mlikuwa na kifaa cha GPS cha mkononi, zawadi ya baba yake, na kichwani mwake mlikuwa na mchezo mmoja tu: kutafuta hazina kwa msaada wa setilaiti.

Mchezo huo una historia fupi. Marekani, wenye mfumo wa GPS, walikuwa wakiyachafua kwa makusudi mawimbi waliyowaachia raia, ili adui asipate usahihi waliokuwa nao askari wao. Raia aliweza kuoneshwa mahali palipo umbali wa mita 100 kutoka aliposimama. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, kwa amri ya Rais Bill Clinton, uchafuzi ule ulizimwa. Vifaa vilevile, bila ya kubadilishwa chochote, vikawa sahihi mara kumi zaidi. Siku iliyofuata, Mmarekani aitwaye Dave Ulmer alificha ndoo yenye vitu vidogo vidogo karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akatangaza koodineti zake kwa atakayependa kuitafuta. Leo mchezo huo umeenea karibu dunia nzima. Una adabu yake: anayechukua kitu katika sanduku huacha kingine chenye thamani sawa au zaidi, na kwa kawaida hazina haifukiwi ardhini. Sharti hili la pili liliwachekesha sana wenyeji wetu. Katika wilaya ambayo watu huchimba usiku na mchana, kijana amekuja kutafuta hazina kwa masharti ya kutochimba!

Nilimkataza kuficha sanduku lolote karibu na maeneo ya wachimbaji, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni maduara yaliyoachwa wazi, ambayo nyasi huyafunika wakati wa masika, na ambayo si mahali pa mtoto. Ya pili ni kwamba mtu anayezunguka na kifaa cha GPS mkononi katika nchi ya dhahabu haonekani kuwa anacheza. Basi alificha makopo yake matatu katika ua na shamba la mwenyeji wetu, naye akawa na wanafunzi wa kumfuata siku nzima, watoto wa nyumba ile.

Swali lao la kwanza lilikuwa zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa na watu wazima: kama setilaiti inaona, kwa nini inakosea hatua tano?

Ukweli ni kwamba setilaiti haioni. Inatangaza saa. Setilaiti za GPS huzunguka dunia kwenye urefu wa kilomita 20,000 na ushei, kila moja ikirusha wimbi linalosema, kwa lugha yake, "mimi ni fulani, nipo mahali fulani, na sasa ni wakati fulani". Kifaa cha mkononi hupima kila wimbi limechelewa kwa kiasi gani, kikageuza ucheleweshaji ule kuwa umbali. Kwa setilaiti nne au zaidi hujua kiliposimama. Lakini wimbi husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde moja, kwa hiyo hitilafu ya sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300. Usahihi wote wa mfumo huu ni usahihi wa saa, na njiani yapo mambo yanayolichelewesha wimbi, hasa tabaka la juu la anga liitwalo ionosfia, ambalo jua hulijaza chembe za umeme.

Ndipo ulipobuniwa ujanja wa mawimbi ya masahihisho. Vituo vinajengwa ardhini mahali panapojulikana barabara, vinasikiliza setilaiti, vinaona zinakosea kwa kiasi gani, kisha taarifa ya kosa lile inapelekwa kwenye setilaiti nyingine iliyotulia juu ya ikweta, nayo inawarushia watumiaji wote wa eneo lile. Wamarekani wanao mfumo wa WAAS tangu mwaka 2003, Ulaya wana EGNOS, Wahindi wana GAGAN. Pale mifumo hiyo inapofanya kazi, kosa la mita tano laweza kushuka hadi mita moja au mbili.

Mpwa wangu alikuwa amewasha sehemu hiyo katika kifaa chake, na alifurahi kuona alama ya kwamba kuna setilaiti ya masahihisho inayosikika. Ni kweli inaweza kusikika, kwa kuwa setilaiti ya Wahindi iliyo juu ya Bahari ya Hindi huonekana kutoka nusu ya Afrika. Lakini kusikika si kufaa. Vituo vyake viko India, na masahihisho yake ni ya anga la India. Kuyatumia Ushirombo ni sawa na kufuturu kwa adhana ya Mumbai. Hakuna mfumo wa aina hiyo uliojengewa vituo kwa ajili ya anga letu la Afrika Mashariki. Ulaya wameanza, Januari 2023, kutoa bure masahihisho ya aina nyingine kupitia setilaiti zao za Galileo, yenye kufikia sehemu kubwa ya dunia, lakini vifaa vya kawaida vya mkononi havina antena ya kuyapokea.

Tena anga letu ni gumu kuliko la wenzetu wa kaskazini. Katika ukanda huu wa karibu na ikweta, ionosfia huchafuka baada ya jua kuzama, na mawimbi hutetemeka kama mwanga wa taa ndani ya maji, hasa katika miezi ya kuzunguka Machi na Septemba, na zaidi katika miaka ambayo jua lenyewe limechafuka. Anayetaka kipimo kizuri Ushirombo apime asubuhi au mchana, mahali peupe, mbali na miti na mabati, akiache kifaa kitulie dakika kadhaa na kukusanya wastani. Kisha arudi siku nyingine apime tena. Kwa njia hiyo ya subira, bila ya setilaiti yoyote ya masahihisho, watoto wale waliweza kuliendea kopo lililofichwa kwenye mwembe kwa tofauti ya hatua tatu, na zilizobaki wakazimaliza kwa macho.

Msikitini nilikuta mjadala wa jamaa yake. Vijana walikuwa na programu za kibla katika simu zao, na kila simu ilielekea upande wake. Mmoja alidhani tatizo ni GPS kutokuwa sahihi. Sivyo. Kutoka Ushirombo hadi Makka ni kama kilomita 2,900, na kibla kipo takriban digrii 17 mashariki ya kaskazini. GPS ikikosea mita kumi kwa umbali huo, safu nzima ya waumini haipindi hata kwa unene wa unywele. Kinachopotosha ni dira ya sumaku iliyomo ndani ya simu, ambayo nondo ya ukuta, spika au kifuniko cha simu chenye sumaku huweza kuigeuza digrii kumi na zaidi. Mzee mmoja aliwakumbusha dawa ya zamani isiyohitaji betri: tarehe 27 au 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai, saa sita na dakika 27, jua huwa juu ya Al-Kaaba, na saa ya Makka ni sawa na yetu. Simika kijiti wima wakati huo. Kutoka ncha ya kivuli kurudi kwenye shina la kijiti ndiko kwenye kibla.

Lakini jambo lililonifanya niandike makala hii nililikuta nje ya mji, kwa majirani wawili wenye maeneo ya uchimbaji mdogo yanayopakana.

Leseni ya uchimbaji mdogo wa dhahabu haizidi hekta 10. Likiwa mraba, eneo hilo lina upande wa mita 316 hivi. Pembe zake huandikwa kwa koodineti, na mwenye leseni hutakiwa kuziwekea bikoni ardhini. Bikoni hizo huota nyasi, huangushwa na ng'ombe, nyingine, tuseme kweli, huhamishwa usiku. Hapo hubaki karatasi. Jirani wa kaskazini alikuwa amekodi kijana mwenye GPS, wakatafuta pembe kwa namba zilizo kwenye karatasi ya jirani wa kusini na kwenye yake, na matokeo yakawa kwamba maeneo yote mawili yalisogea kwenda kaskazini. Yule wa kusini, kwa ushahidi huo, akachimba duara mahali ambapo mwenzake alikuwa na mihogo. Mwenzake akasema kifaa ni kibovu. Kila mmoja alitaka kifaa cha gharama zaidi chenye mawimbi ya masahihisho, akiamini kwamba mita chache za usahihi zitamaliza ugomvi.

Mwenyeji wetu aliomba tuangalie. Mpwa wangu aliisoma karatasi, akaniita pembeni: "Mjomba, hapa pameandikwa Arc 1960."

Dunia si tufe kamili, na kila mpimaji lazima kwanza achague umbo la kuhesabia na mahali pa kuanzia. Wapimaji wa Afrika Mashariki ya zamani walichagua msingi uitwao Arc 1960, na ramani za serikali za uwiano wa 1:50,000 zilichorwa juu yake, na karatasi nyingi za maeneo ya madini zikaufuata. GPS huhesabu kwa msingi mwingine, WGS84. Namba zilezile, zikisomwa kwa msingi usio wake, huangukia mahali pengine. Katika sehemu za Ushirombo tofauti hiyo ni kama mita 300, kosa likielekea kaskazini na kidogo magharibi. Kwa eneo la hekta 10, hilo ni karibu eneo zima la jirani.

Nililitafakari hilo nikiwa nimesimama kati ya mihogo. Watu walikuwa tayari kutumia fedha nyingi kupunguza kosa la mita tano, ilhali kosa la mita 300 lilikuwa ndani ya orodha ya mipangilio, na kulirekebisha ni kubonyeza mara tatu. Na kifaa hakikudanganya. Kiliulizwa swali kwa lugha moja, kikajibu kwa nyingine, na hakuna aliyegundua kwa sababu jibu lilikuja na tarakimu nyingi. Msomaji anafahamu onyo la Mtume (s.a.w.) kuhusu shubiri moja ya ardhi iliyochukuliwa kwa dhulma. Hapa palikuwa na shubiri zaidi ya elfu moja, zimechukuliwa na mtu aliyedhani anafuata haki.

Mpwa wangu akabadilisha msingi, tukaongozana na majirani wote wawili kuelekea kusini hadi kifaa kiliposema tumefika. Hapakuwa na kitu. Mzee wa kusini akawaambia vijana wake wafyeke nyasi, na ndani ya mzunguko wa hatua sita likaonekana jiwe la saruji lililolala ubavu. Mpwa wangu aliwaeleza kwa adabu kwamba kipimo chake si cha kisheria, na kwamba wamwite mpimaji mwenye kibali, anayetumia vifaa viwili, kimoja kikikaa kwenye alama inayojulikana na kingine kikitembea, ambavyo husahihishana wenyewe hadi kufikia sentimita. Wakakubaliana kugawana gharama.

Likabaki duara. Mawe yaliyotoka humo yalikuwa yamekwisha kupita kwenye karasha, na dhahabu yake imekwisha kuuzwa. Mzee wa kusini alilifunika kwa magogo mbele ya macho yetu, akamshika mwenzake mkono, wakaenda kuswali Alasiri. Walipotoka walikaa barazani na daftari la mauzo kati yao, na tulipoaga walikuwa bado kwenye ukurasa wa kwanza.