Kumfungua Rubani

Muhula uliopita mwalimu wetu wa historia alituletea darasani mchoro mkubwa wa eropleni ya vita iitwayo Spitfire, umejaa mishale na maneno machache. Alisema kwamba michoro ya namna hii walipewa polisi, wazima moto na walinzi wa raia huko Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, ili ndege ikianguka wajue jinsi ya kumtoa rubani. Mwaka 1940 mapigano ya angani yalikuwa juu ya mashamba ya Kent, na mara nyingi aliyefika kwanza penye ajali hakuwa askari, bali mkulima aliyeacha jembe lake akakimbia.

Tulicheka. Tulidhani kumtoa mtu katika ndege ni kazi ya nguvu tu. Nadhani mimi nilicheka kupita wenzangu, maana mwalimu alinichagua mimi.

Yamkini zamani nguvu zilisaidia zaidi. Waingereza walipoiteka Morogoro kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, kikosi chao cha anga namba 26 kilikuwa na ndege za BE2c, za mti, waya na kitambaa, na rubani alikaa kichwa wazi. Lakini hata wakati ule mkanda ulikuwa na hatari yake. Tarehe 11 Julai, 1915, Cull na Arnold walikuwa juu ya delta ya Rufiji wakielekeza mizinga dhidi ya manowari Königsberg. Ndege yao ilipigwa, ikaanguka mtoni ikapinduka. Arnold alirushwa nje, lakini Cull alikuwa amefungwa mkanda, akahangaika ndani ya maji mpaka alipojinasua. Mashua ya manowari Mersey ikawaokota wote wawili.

Spitfire ni chuma. Kifuniko chake cha kioo husukumwa nyuma, upande wa kushoto pana mlango mdogo, na ndani ya mlango huo hufungwa mtaimbo wa kuvunjia. Mbele ya magoti ya rubani pana petroli galoni 85. Mwokoaji hana budi kuzima swichi za injini na kufunga mafuta, wala asiguse kitufe cha bunduki katika usukani; na watu wengine wasisimame mbele ya mabawa, kwa kuwa mna bunduki 8. Ndipo aje kwenye mikanda. Mikanda minne hukutana penye pini moja tu. Ukivuta kibanio cha pini hiyo, yote huachia pamoja.

Basi tukatengeneza ndege yetu barazani: kiti cha mwalimu, meza iliyopinduliwa, mikanda minne ya suruali na msumari mmoja. Mwanafunzi mdogo wa kidato cha kwanza akawa rubani, na mpira wa kumwagilia maua ukawa bomba lake la hewa. Mwalimu akashika saa.

Nikarukia, nikamkamata rubani makwapani, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Mikanda ikakaza. Nikavuta tena. Kiti kikatuangukia sote wawili, na yule mtoto akalia kwa kweli, si kwa mchezo. Mara ya pili nilikumbuka pini lakini nikausahau mpira, ukamzunguka shingoni. Mwalimu akasema kwamba nimemnyonga rubani niliyekuja kumwokoa. Mara ya nne ndipo nilipofaulu. Siku ile hakuna aliyecheka tena.

Kisha mwalimu akatusimulia habari ya Bukoba. Tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya abiria yenye watu 43 iliangukia Ziwa Victoria karibu na uwanja. Wavuvi walifika kwanza kwa mitumbwi. Kijana Majaliwa Jackson alieleza kwamba alitumia kasia kufungua mlango wa nyuma, na watu 24 wakapona. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alikwenda pia mbele kwa marubani, ambao walikuwa wangali hai wakimwonyesha ishara kupitia kioo. Alifunga kamba kwenye mlango wa dharura ili mashua ziuvute. Kamba ikakatika ikampiga usoni, akazirai. Marubani wote wawili walikufa, wakiwa miongoni mwa watu 19. Baadaye Rais aliagiza kijana huyo aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji apewe mafunzo. Mimi nilifikiri sana juu ya neno hilo, baadaye.

Na hapa kwetu Msamvu, tarehe 10 Agosti, 2019, lori la mafuta lilipinduka. Watu walisogea kuchota petroli, ikawaka, wakafa zaidi ya 100. Ni petroli ile ile ya mchoro wetu.

Baba yangu ni dereva, huteremsha mboga kutoka Mgeta, na barabara ya mlimani ina makona mabaya. Likizo ilipofika nilimwomba anionyeshe mahali pa kukata umeme wa lori.

"Unataka kuniibia gari, mwanangu?" akauliza.

Nikamweleza habari ya rubani na ya pini. Akanyamaza. Kisha akapanda, akajifunga mkanda wake, akaniambia niufungue. Niliibonyeza ile klipu kwa vidole viwili vya gumba, haikuachia. Ilikuwa imejaa vumbi la miaka mingi. Baba akatoka kwa kujipenyeza chini ya mkanda, akaenda kutafuta bisibisi.